Nikeli Haitaki Kusukumwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, kazi ya Kikokotoo ilikuwa kufagia karakana ya shangazi yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu hesabu ilikuwa haijakauka ubaoni naye ameshaijibu. Lilianza kama jina la kejeli, likageuka kuwa la heshima, na mwenyewe alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Katikati palikuwa na tangi la plastiki lenye maji ya kijani yaliyoyeyushiwa chumvi ya nikeli, metali nyeupe isiyoshika kutu, na pembeni yake mashine ya kupitisha umeme yenye swichi ya kuzungusha. Madirisha yote mawili yalikuwa hayafungwi, na hakuna aliyesogelea tangi bila glavu, miwani na aproni. Watu walimletea shangazi vitasa, mabomba na kengele za baiskeli zilizochakaa kwa kutu, wakaja kuvichukua vikiwa vyeupe vinang'aa. Shangazi alikuwa fundi hodari mwenye ulimi mwepesi. Mteja akimwambia, "Fundi, hii ni yangu kweli?" humjibu, "Kama huitaki, iache. Nitaolewa nayo."

Jumamosi hii kazi ilikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ya Mzee.

Mzee alikuwa mdogo wake Kikokotoo, mtoto wa miaka sita. Aliitwa Mzee kwa sababu alizaliwa amekunja uso kama mtu anayedai maelezo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu alipougua akiwa mchanga, na ili asimame sawasawa alivaa chuma cha mguu: fito mbili za chuma, moja kila upande, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kiatu, zikiunganishwa kwa mikanda ya ngozi. Chuma chake cha zamani kilikuwa kimekuwa kifupi, tena kutu yake ilimchubua hadi mama yao, ambaye alikuwa muuguzi, akakiweka kabatini na kusema basi. Tangu siku hiyo Mzee hakwenda shule. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya mbele na fimbo yake, akiwatazama wenzake wakipita na mikoba, na walipomwita alikuwa akijibu, "Ninyi tangulieni tu."

Sasa hospitali walikuwa wamempa chuma kipya. Kilikuwa kitupu, bila ngozi, na mtaalamu aliyekitengeneza alisema kivikwe nikeli kwanza ili jasho lisikile. Baada ya hapo fundi viatu wa mtaa wa pili angeshona ngozi ya ndani, ile inayogusa mguu. Jumatatu Mzee angerudi shule. Jambo moja tu lilibana: fundi viatu alikuwa anafunga saa saba mchana, apande basi kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, na asingerudi kabla ya wiki kwisha.

Hesabu walikuwa wameifanya Ijumaa jioni, shangazi na Kikokotoo, kwa chaki ukutani. Shangazi alianza na kile ambacho mwalimu wa sayansi huita elektrolisisi, lakini kwa maneno yake mwenyewe.

"Umeme ndio mchukuzi," alisema. "Unaichukua nikeli kutoka kwenye maji, unaishusha juu ya chuma. Ampea moja ikipita kwa saa moja, inashusha gramu moja na sehemu moja ya kumi. Sisi tumepima chuma cha Mzee pande zote, tumeona utando wetu unahitaji gramu tisa na sehemu tisa za kumi. Haya, Kikokotoo, tuonyeshe mchezo wako."

"Tisa nukta tisa, gawanya kwa moja nukta moja. Ni tisa," alijibu kabla shangazi hajaweka chaki chini. "Kwa hiyo ampea mara saa lazima ifike tisa. Ukiweka ampea tatu, ni saa tatu."

"Na ndivyo tutakavyoweka. Chuma cha ukubwa huu kinataka ampea tatu, na subira."

Mzee, aliyekuwa akisikiliza juu ya kigoda, aliuliza kama subira nayo inapimwa kwa gramu. Shangazi alimwambia akiijua bei yake amwambie na yeye, kwa sababu amekuwa akiitumia miaka mingi bila kulipwa.

Asubuhi ya Jumamosi umeme ulikatika. Shangazi alikuwa ameshakisafisha chuma mafuta yote, amekichovya, amekisuuza, na kukining'iniza tangini kwa waya wa shaba. Alisubiri, akatazama taa, akasonya. Alikuwa ameahidi kupeleka vitasa hotelini asubuhi hiyo, na mama alikuwa zamu.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Kikokotoo akifunga kitambaa kichwani. "Kila kitu kiko tayari. Umeme ukirudi, bonyeza hiki cha kuwashia, basi. Swichi ya kuzungusha nimeiweka kwenye tatu, usiiguse. Kazi yako ni kuwasha na kukaa karibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Na alikuwa ameelewa. Wala hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ila katika ua wa jirani wasichana walikuwa wakiruka kamba, na Kikokotoo kwa kamba hakuwa na mpinzani. Alijiambia atasikia umeme ukirudi kwa sababu redio ya jirani ilikuwa haizimwi kamwe. Hilo lilikuwa kweli. Saa tatu na nusu redio ilianza kupiga kelele, naye akaisikia vizuri kabisa, akaendelea kuruka.

Baada ya kitambo alimwona Mzee kwenye lango la ua. Kutoka nyumbani hadi pale, kwa mguu usio na chuma, ilikuwa safari. Alikuwa ameegemea fimbo yake, jasho linamtoka puani.

"Dada, umeme umerudi."

"Nimesikia, Mzee. Naja. Raundi hii tu."

Raundi hiyo ilizaa nyingine, kama ilivyo kawaida ya raundi. Mzee alirudi mara ya pili na kusimama pale pale. Safari hii alimtazama tu dada yake akiruka. Halafu akageuka na kuanza kurudi nyumbani polepole. Kikokotoo aliuona mgongo wake, moyo ukamchoma kidogo, lakini wenzake walikuwa wanahesabu kwa sauti na alikuwa karibu kuvunja rekodi yake mwenyewe.

Aliivunja. Alipouliza saa, akaambiwa inakaribia saa sita na robo, aliitupa kamba.

Alikimbia hadi karakana, akavaa glavu, miwani na aproni, akasimama mbele ya mashine akihema. Saa tatu za kazi kuanzia sasa zingefika saa tisa na robo. Wakati huo fundi viatu angekuwa ndani ya basi. Mzee asingepata ngozi yake, asingekwenda shule Jumatatu, na angekaa kwenye ngazi wiki nyingine nzima.

Macho yake yakaangukia ukutani, kwenye chaki ya jana. Ampea mara saa, tisa. Tatu mara tatu, tisa. Lakini kumi na nane mara nusu saa nayo ni tisa. Hesabu haikukataa. Gramu ni zile zile, nikeli ni ile ile, na kila kitu kingekwisha saa saba kasorobo. Alijiona mjanja, na hofu ikapungua. Akaishika swichi aliyokatazwa, akaizungusha kutoka tatu hadi kumi na nane, akawasha.

Maji yalianza kutokota palepale. Mapovu madogo yalipanda kwa wingi kuzunguka chuma, yakitoa sauti kama mafuta kikaangoni. Kwa ampea tatu maji yalikuwa hayatoi sauti ya kusikika. Hilo Kikokotoo alilijua, na akaamua kutolijua kwa nusu saa.

Mzee alikuwa amekaa kizingitini, mahali aliporuhusiwa. "Mbona leo yanapiga kelele?"

"Yanafanya kazi haraka."

"Kwa nini siku zote hayafanyi haraka?"

Kikokotoo alijifanya anatazama saa ya ukutani.

Alipozima na kukitoa chuma, kukisuuza na kukiweka juu ya meza, katikati ya fito palikuwa peupe pazuri. Lakini kingo zote zilikuwa nyeusi na zenye chembechembe, kama ukoko uliogandia chini ya sufuria. Alichukua kitambaa na dawa ya kung'arishia, akasugua kwa nguvu zake zote. Weusi ulipungua, mng'ao ukaja. Ukikitazama kwa mbali ungesema ni kazi ya shangazi.

"Kizuri," alisema Mzee kwa sauti ndogo. Alinyoosha kidole na kukigusa katikati, akajiona, akacheka. Kikokotoo alijilazimisha kucheka naye.

Ndipo shangazi alipoingia, kikapu kitupu mkononi. Aliona chuma kiko nje ya tangi, akatazama saa ya ukutani, akakichukua na kukipeleka dirishani. Alikigeuza mara mbili. Kisha akapitisha ukucha taratibu kwenye ukingo mmoja. Kipande cha nikeli kikabanduka, chembamba kama ganda la kitunguu, kikabaki kimemchomeka kidoleni. Alikichomoa na tone la damu likafuata.

"Hii ingekuwa ndani ya soksi ya mtoto," alisema. Hakupaza sauti. "Umeme ulirudi saa ngapi?"

Kikokotoo alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, sauti ya Mzee ilisikika kutoka kizingitini.

"Umerudi sasa hivi, Shangazi. Mimi nilikuwa hapa hapa. Dada alikuwa anausubiri tu."

Alisema akitazama sakafu, mikono miwili amekaza juu ya goti lake bovu. Mzee hakuwa mwongo. Hakuwa hata na uzoefu wa kutosha wa kudanganya vizuri. Lakini shangazi alikuwa amechoka na jua, naye alimwamini. Uso wake ukalainika.

"Kumbe umeme ndio ulitutenda," alisema, akamshika Kikokotoo bega. "Pole, mwanangu. Ukaona muda umekwisha, ukajaribu kumwokoa mdogo wako. Umekosea kugusa swichi, lakini nia naiona. Basi, acha niende mwenyewe nikamwombe fundi viatu, nimwambie umeme umetuchelewesha."

Alianza kuvaa tena viatu alivyokuwa ameshavivua. Kikokotoo alibaki amesimama na mkono ule wa upole bado anausikia begani. Angeweza kunyamaza. Mambo yangekwisha, na hakuna ambaye angejua isipokuwa watu wawili. Akamtazama wa pili. Mzee bado alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ameibana. Asubuhi nzima alikuwa amemwomba dada yake jambo moja, dada hakumfanyia, na sasa amejitwika uongo ili dada asigombezwe.

Kikokotoo alianza kulia kabla ya kusema.

"Shangazi, usiende. Umeme ulirudi saa tatu na nusu. Nilisikia redio. Mzee alikuja kuniita, akaja tena, mimi nilikuwa naruka kamba. Yeye hana kosa. Anasema hivyo kwa ajili yangu."

Shangazi aliacha kufunga viatu. Akavivua tena, akaviweka kando.

"Mzee, njoo hapa," alisema. Mtoto alikuja na fimbo yake. Shangazi alimpakata, akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Umempenda dada yako, na hilo ni jema. Lakini uongo si mzigo wa kumbebea mtu. Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa sitakwenda shule?"

Shangazi akamgeukia Kikokotoo.

"Miguu iliyoruka kamba asubuhi nzima naamini haijachoka. Nenda kwa fundi viatu sasa hivi, hajafunga. Mweleze kilichotokea, chote, kama ulivyonieleza mimi. Usimsingizie umeme. Halafu tuone."

Fundi viatu alikuwa mzee wa manenomaneno, na tayari alikuwa amevaa shati jeupe la safari. Kikokotoo alimwamkia, akasimulia akitazama vidole vya miguu yake. Alifikiri angecheka au angemfukuza. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Kukusubiri siwezi, binti. Mjukuu wangu hajui kusoma saa, lakini basi linajua." Alitazama meza yake aliyokwisha kuifunika kwa turubai, akapumua, akaifunua tena. "Ila ngozi ya mdogo wako nilishaikata tangu jana. Matundu nimeshayatoboa. Kilichobaki ni kushona. Mkono wako unaweza kukaa mahali pamoja, au unajua kuruka tu?"

"Utakaa, Babu."

Akamkalisha kwenye benchi, akampa sindano mbili, uzi wa nta na kipande cha ngozi kibovu, akamwonyesha mshono wa kupishanisha, sindano hii ikiingia huku na ile ikitokea kule. Alimfumulia kila alipokosea. Aliporidhika, alimfungia vifaa vyake ndani ya gazeti na kumkabidhi. "Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Lakini sindano zangu nazitaka zote mbili."

Mchana huo shangazi aliikwangua nikeli mbovu yote hadi chuma kikabaki kitupu, akakisafisha upya na kukirudisha tangini. Swichi akairudisha kwenye tatu. Kisha akamvutia Kikokotoo kigoda na kumkalisha mbele ya tangi, mbali kiasi cha usalama.

"Hesabu yako haikuwa na kosa," alimwambia. "Nataka ulijue hilo. Nusu saa kwa ampea kumi na nane ni tisa, hata mimi siwezi kubisha. Ila hesabu yetu ilidhani umeme wote unabeba nikeli. Ulisikia yale mapovu?"

"Yalikuwa yanatokota."

"Huo ndio umeme wako uliopotea. Ulikwenda kutengeneza hewa. Na nikeli iliyoshuka ilishuka kwa fujo. Watu wakiingia chumbani mmoja mmoja, kila mtu anapata pa kukaa. Ukiwasukuma wote kwa pamoja wanabanana mlangoni, na chumba kinabaki kitupu. Ndiyo maana kingo zimeungua na katikati nikeli ni nyembamba. Nikeli haitaki kusukumwa."

Walikaa. Maji ya kijani yalitulia kimya, na hakuna kilichoonekana kutokea, lakini kila walipochungulia chuma kilikuwa kimezidi weupe kidogo. Mzee alilala usingizi mapajani mwa dada yake. Mguu wa Kikokotoo ulikufa ganzi na hakuusogeza. Kutoka ua wa jirani zilisikika sauti za kuhesabu kamba, na mara moja jina lake likaitwa. Hakuitika.

Jumapili alishona. Alijichoma vidole, akafumua, akashona tena, na mama yake alipotaka kumsaidia alikataa kwa adabu. Mshono wa kwanza ulikwenda upogo. Wa mwisho ulinyooka. Mama alipitisha kiganja chake ndani ya ngozi yote, polepole, kama anavyopima homa, akasema hapana kitu cha kumwumiza mtoto.

Jumatatu asubuhi walimsindikiza Mzee shuleni wote watatu. Kutoka barabarani hadi lango la shule alitembea mwenyewe, fimbo akiwa amempa dada yake aishike. Hatua zake zilikuwa za taratibu na za uhakika, na chuma hakikulia wala kukwaruza. Mama aligeuka pembeni kujifuta macho, akasingizia vumbi.

Mlinzi wa lango aliinama kumtazama. "Mzee, umerudi. Na chuma kipya. Nani amekutengenezea kizuri hivi?"

"Shangazi na dada yangu," alijibu Mzee kwa sauti iliyofika hadi uwanjani. "Kwanza dada alikiharibu kwa sababu alikuwa anaruka kamba. Halafu akalia. Halafu akashona hizi zote peke yake."

Watoto waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Kikokotoo alitamani ardhi ipasuke. Shangazi alicheka hadi akashika kiuno, kisha akamvuta mpwa wake karibu.

"Mwache aseme," alimwambia. "Juzi ulikuwa umemwachia mtoto wa miaka sita kosa lako alifiche, na lilimwinamisha kichwa. Mtu akificha kosa lake, wanaompenda ndio wanaolibeba. Ulilichukua mwenyewe, ukalifanyia kazi. Mtazame sasa."

Kikokotoo alitazama. Mzee alikuwa katikati ya uwanja, anakwenda darasani na wenzake, kichwa juu, akiendelea kumsimulia kila aliyetaka kusikia.